Saru na Nywele za Mpera

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo Pakawa ni ya watu walioshiba au ya watu waliokwisha lala? Kilambo, acha kuchokoa moto, utatujaza majivu machoni. Paukwa!

— PAKAWA!

Haya. Hapo kale, kale ambayo hata majivu yake yamekwisha poa, huko milimani ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwa-Shoka. Watu wa Kwa-Shoka walikuwa na majivuno. Hawakujivunia ng'ombe. Hawakujivunia mashamba. Walijivunia nini?

— Mashoka!

Umekaribia, Wawuda. Walijivunia magogo.

Nyumba ya Kwa-Shoka ilipimwa kwa gogo lake. Ukienda kuposa, hawakukuuliza habari za tabia yako. Walituma mtu akachungulie jikoni kwenu. Gogo lenu likiwa nene, mtu akilikumbatia mikono yake isikutane upande wa pili, basi ninyi ni watu. Likiwa jembamba, mnaambiwa mrudi mwakani. Na gogo likishashika moto halizimwi. Linaungua polepole, mchana na usiku, kama babu anayesimulia ujana wake. Likikaribia kwisha linaletwa jingine, ncha inagusishwa kwa ncha, moto unahama. Ukizimikiwa, unachukua kigae unakwenda kwa jirani kuomba kaa. Kwa hiyo watu wa Kwa-Shoka walikuwa na moto siku zote, lakini kuuwasha moto hawakujua.

— Eti watu wazima hawajui kuwasha moto?

Ndivyo. Liweke hapo hilo, tutalihitaji.

Basi kijijini hapo akaolewa msichana jina lake Saru. Saru alitoka tambarare, kule chini ambako miti ni michache, na watu hupikia mabunzi ya mahindi, mabua, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, chochote kinachokubali kuwaka. Mumewe aliitwa Maghanga. Mama mkwe wake aliitwa Mkawasi, mwanamke mwenye sauti ya kufukuza kunguru kwenye shamba la jirani akiwa amekaa kwake.

Saru aliingia Kwa-Shoka majira ya kupunguza miti. Mipera ilikuwa imefunga giza shambani, na mibuni imetanua matawi hadi njiani. Watu wakatoka na mapanga, wakaipogoa. Matawi yakaanguka. Vitawi vikaanguka. Vijiti vikaanguka. Chungu za matawi zikapanda shambani, chungu hapa, chungu pale. Saru akainama, akakusanya mzigo, akaufunga vizuri kwa kamba ya mgomba, akaujitwisha.

"Mke wa mwanangu," Mkawasi akamwita. "Unakwenda wapi na hizo?"

"Nyumbani, mama."

"Kufanyia nini?"

"Kupikia, mama."

Mapanga yakasimama. Kisha shamba zima likacheka. Mama Righa, jirani, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu," Mkawasi akasema, akijifuta machozi ya kicheko, "huu mpera tumeunyoa. Hizo ni nywele. Kwenu mnapikia nywele?"

Saru akaushusha mzigo. Jioni ile chungu moja ya wiki iliyopita ikatiwa kaa la moto palepale shambani. Ikawaka! Ikawaka hadi uso wa kila mtu ukang'aa. Watu wakanyoosha mikono, wakaota moto, wakapiga soga, na chungu ilipokwisha wakarudi nyumbani. Na walipofika nyumbani Mkawasi akasema, "Saru, kesho uende msituni. Gogo linakwisha."

Saru akageuka, akalitazama shamba. Akageuka, akautazama mlango wa jikoni. Akageuka tena shambani. Akamfuata mumewe.

"Mume wangu. Ule wa shambani ulikuwa moto?"

"Moto."

"Na huu wa jikoni?"

"Moto."

"Sasa..."

"Saru, nimechoka. Muulize mama."

Nijibuni ninyi. Maghanga amejibu swali?

— Hajajibu!

Anayeona amejibu anyooshe mkono. Nani? Hakuna. Tuendelee.

Mwezi haujaandama vizuri, wifi yake Saru, aliyeitwa Mshai, akaja kujifungulia kwa mama yake. Akajifungua mtoto wa kiume, mdogo, mwekundu, mwenye hasira. Na Kwa-Shoka palikuwa na mila ya moto wa mzazi. Mama akijifungua, moto wa chumba chake hauzimiki, usiku wala mchana, mpaka siku mtoto anatolewa nje kuonyeshwa jua. Ukizima kabla ya siku hiyo, baridi ya milimani inaingia, na mtoto mchanga hana pa kuificha. Watu walikuwa wamezika. Hiyo mila haikuwa ya mchezo.

Na anayeulisha moto huo ni nani? Mkazamwana mgeni. Saru.

Saru akachukua shoka na kamba, akatoka. Zamani hizo kuni zilikuwa zinasema, lakini hazikusikiwa na kila mtu. Zilisikiwa na wale waliozibeba. Kwa hiyo wanaume wa Kwa-Shoka hawakuwahi kusikia neno hata moja.

Alipopita shambani kwenye zile chungu, akasikia sauti nyembamba, nyingi, kama vifaranga:

*Saru, Saru, wapita wapi?*
*Moto u hapa, wapita wapi?*

Akasimama. Akatazama juu, hakuna ndege. Akatazama nyuma, hakuna mtu. Akajiambia, "Labda ni njaa." Akapita.

Akapanda mlima. Akashuka mlima. Akakuta gogo limeanguka, akalikata, akalifunga, akaliburuta. Gogo nalo likaanza kusema, kwa sauti nzito ya kukokota:

"Mimi... ni... gogo."

"Naona," Saru akasema.

"Babu yangu... alikuwa... gogo."

"Sawa."

"Mimi... siwashwi. Mimi... huwaka."

Shali, mbona unacheka? Gogo lina heshima zake.

— Linaongea kama Mzee Kilonzo!

Umelisema wewe, mimi sipo.

Saru akafika nyumbani jua limeinama, bega limechubuka. Ncha ikagusishwa kwa ncha, moto ukahama, mtoto akalala. Saru akakaa karibu na Mshai, akanong'ona, "Wifi, zile nywele za mpera. Kwa nini hatupikii?"

"Hee, wifi! Mama hajakwambia? Mtoto akioteshwa moto wa vijiti, anaota miguu ya vijiti."

"Mama alisema ni nywele."

"Ni nywele ndiyo."

"Sasa akioteshwa moto wa nywele si angeota nywele?"

Mshai akafikiri. Akambadilisha mtoto ziwa. "Wewe wifi una maneno mengi," akasema. "Huku ndivyo tulivyo."

Saru akafikiri labda ni yeye mwenye kichwa kigumu. Labda milimani mambo yanakwenda hivi, na mtu wa tambarare hawezi kuyaelewa hata afanyeje. Maana ndivyo wanavyokufanya, enyi watoto. Wewe unauliza swali lenye miguu miwili, wao wanakujibu kwamba wewe ni mgeni. Ugeni umekuwa jibu!

Lile gogo nalo likapungua. Saru akatumwa tena. Karibu na kijiji magogo yalikuwa yamekwisha, watu wamekata tangu enzi za mababu, kwa hiyo safari hii alitakiwa kuvuka mlima wa pili. Bega lilikuwa bado bichi. Akapita shambani, na zile sauti zikaanza. Zinasemaje?

— *Saru, Saru, wapita wapi?*
— *Moto u hapa, wapita wapi?*

Enhee! Safari hii akainama.

"Ninyi ndio mnaosema?"

"Ni sisi," vijiti vikasema, vyote kwa pamoja, vikisukumana. "Sisi tulikuwa tunakaa juu na ndege. Tumeshushwa na panga. Tubebe."

"Mnawaka?"

"Tunawaka!"

"Kweli?"

"Kweli tupu!"

Saru akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akakusanya mzigo, akaufunika kwa majani ya mgomba kama mtu aliyeiba, akapita nyuma ya nyumba. Mkawasi alikuwa ameteremka mtoni. Gogo la zamani lilikuwa limebaki kisiki kinachofuka. Saru akatia vijiti motoni.

Moshi!

Moshi mweupe, mzito, moshi wa kukata kwa kisu. Ukajaa jikoni, ukapita chini ya pazia, ukaingia kwa mzazi. Mtoto akakohoa. Mshai akapiga kelele. Mkawasi akatupa mtungi njiani, akaja mbio, na Mama Righa nyuma yake, maana Mama Righa alikuwa hapitwi na jambo.

"Unataka kuniulia mjukuu!"

"Mama, nilidhani..."

"Ulidhani! Wewe ulitumwa kudhani?"

"Nilisema mimi," Mama Righa akadakia, akipunga kanga mbele ya pua. "Nilisema siku ile shambani. Huyu ataunguza nywele mpaka tupige chafya sote. Watu wa tambarare, jamani! Mnawatoa wapi?"

Saru akavitoa vile vijiti, akavibeba nje vikiwa vinafuka, akaenda nyuma ya nyumba. Machozi yalimtoka, na hakujua kama ni ya moshi au ya nini. Sasa ndiyo alichanganyikiwa kabisa. Shambani zimewaka hadi mbinguni. Jikoni zimetoa moshi. Vijiti vimesema vinawaka. Mama mkwe amesema ni nywele tu. Na aliyetoa moshi ni nani? Ina maana mama mkwe alisema kweli?

"Mmenidanganya," akaviambia.

"Hatukudanganya," vikasema, vikikohoa. "Umetuchukua kutoka chini ya ile chungu ya shambani. Juu tulikuwa tumekauka, chini tuna umande na maji ya mti. Wewe ukinywa maji ukajaa mpaka kooni, unaweza kukimbia?"

"Siwezi."

"Na sisi hatuwezi. Tupandishe mahali pa moto, tusubiri. Tukikauka, utatuita."

Saru akarudi ndani na mzigo wake. Mkawasi akamtolea macho. "Bado unazo? Katupe!"

Sasa, juu ya meko pale palikuwa na uchaga, kile kitanda cha fito ambapo mahindi hukaushwa kwa moshi. Uchaga ule ulikuwa umechakaa, umetoboka, na mahindi yalikuwa yanadondokea kwenye chungu cha mboga. Saru akautazama. Akasema taratibu, "Mama, uchaga umetoboka. Naomba niuzibe na hizi."

Mkawasi akatazama juu. Punje moja ikamwangukia kwenye paji la uso.

"Ziba," akasema. "Kwa kuziba, nywele zinafaa."

Saru akapanda, akaziba. Na kesho yake akaongeza. Na kesho kutwa akaongeza. Kila alipopita shambani alileta mkono mmoja wa vijiti, vyembamba, vya wastani, vinene kama kifundo cha mkono, akavipanga juu ya meko. Hakuna aliyemwuliza. Akawa anakaa pale chini akikoroga uji, akawa anatazama. Juu ya chungu, vijiti vinaruhusiwa. Chini ya chungu, vijiti ni aibu. Kati ya juu na chini kuna nini? Kuna chungu tu! Akatikisa kichwa. Kichwa hakikujibu.

— Dada, mimi ningewaambia tu!

Ungewaambia, Wawuda? Ukiwa umeolewa mwezi uliopita, umetia nyumba moshi, na jina lako kijiji kizima ni Mpika-nywele? Haya. Sikiliza.

Ikaja mvua. Haikuwa ile mvua ya kunyesha ikapita. Ilikuwa mvua ya milimani, ya manyunyu na ukungu, inayokaa kama mgeni asiye na kwao. Ikanyesha hadi kuta zikatoa jasho. Ikanyesha hadi kuku wakaacha kutoka nje. Na gogo la nyumba ya Mkawasi likakaribia kwisha.

Maghanga akaenda msituni mwenyewe. Akarudi na gogo nene ajabu, limekumbatiwa na vijana wawili na mikono haikukutana. Wakaliingiza. Wakaligusisha ncha kwa ncha. Maji yakachuruzika kutoka kwenye gogo, tiririri, yakaingia motoni. Tssssss!

"Mimi..." gogo likasema, "nime... lowa."

Moto ukawa mvuke. Mvuke ukawa jivu. Mkawasi akapekua jivu kwa kijiti cha kukorogea, akapekua, akapekua, akakuta kaa moja. Moja tu, dogo kama kunazi, jekundu kwa upande mmoja.

"Kigae!" akapiga kelele. "Saru, kimbia kwa Mama Righa!"

Saru akakimbia na kigae mkononi, mvua usoni. Njiani akakutana na Mama Righa, naye anakimbia, naye ana kigae.

"Nilikuwa nakuja kwenu," Saru akasema.

"Na mimi nilikuwa nakuja kwenu."

Wakatazamana. Nyuma ya Mama Righa akatokea mwanamke mwingine na kigae, na nyuma yake mwingine. Wakasimama njiani wanawake wa Kwa-Shoka, kila mmoja ameshika kigae kitupu, mvua inajaza vigae maji. Hakuna aliyecheka safari hiyo.

Saru akarudi. Mshai alikuwa amemweka mtoto kifuani, amemfunika kwa kila nguo ya nyumba ile. "Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "miguu yake imekuwa ya baridi. Halii tena."

Mtoto wa baridi akilia, kuna matumaini. Akinyamaza, ndipo watu huogopa. Mkawasi akazunguka jikoni kama kuku aliyekosa kiota. "Kitu kikavu! Kitu kinene kikavu!" Macho yake yakaanguka kwenye kinu. Kinu chake cha kutwangia, cha mti mgumu, alichopewa na mama yake siku alipoolewa, kimeng'aa kwa mikono ya wanawake wawili.

"Maghanga," akasema. "Pasua."

"Mama, kinu?"

"Ni kinene. Pasua!"

Maghanga akainua shoka. Paa! Kinu kikawa nusu mbili. Mkawasi alishtuka kama amepigwa yeye. Wakaichukua nusu moja, wakaiweka juu ya lile kaa. Na kaa likatoa sauti, sauti ya kuzimia: "Mnanilalia... Mimi ni mdogo... mnanilalia..."

Saru akasikia. Wengine, kwa makelele yao, hawakusikia.

"Haiwaki," Maghanga akasema. "Labda si nene vya kutosha. Tung'oe mlango."

"Ng'oa," Mkawasi akasema. "Mlango ni mnene."

Mnasikia haya mambo? Nje mvua, ndani mtoto mchanga, na watu wenye akili zao wanataka kung'oa mlango! Kinu kimekwenda, mlango unakwenda, na uchaga umejaa juu ya vichwa vyao, umekauka kau! Wangeunguza nyumba nzima kabla ya kuunguza kijiti. Mngefanya nini?

— Tungevishusha!

— Saru, shusha!

Saru akashika mkono wa Maghanga uliokuwa kwenye bawaba ya mlango. Hata yeye hakujua mkono wake umefikaje pale.

"Mama," akasema, "mimi sielewi. Tangu nije hapa sielewi. Nikubali tu kwamba mimi ni mjinga wa tambarare. Lakini nijibu kitu kimoja. Zile nywele za mpera, shambani, ziliungua au hazikuungua?"

"Saru, si wakati wa..."

"Ziliungua au hazikuungua?"

Mkawasi akatazama lile kaa. Lilikuwa limebaki jekundu kama tundu la sindano.

"Ziliungua," akasema.

"Nani alizitia moto?"

"Mimi."

"Ukaota?"

"Nikaota."

"Basi, mama, nipishe."

Akaondoa ile nusu ya kinu, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Akapandisha mkono kwenye uchaga. Mahindi yakamwagika, hakuyajali. Akapiga magoti mbele ya lile kaa.

"Unataka nini?" akalinong'oneza.

"Mimi ni mdogo," kaa likasema. "Nipe kidogo."

Akavunja vile vyembamba kabisa, vyembamba kama mifupa ya dagaa. Vilisema *ta!* Kijiti kibichi hakisemi *ta*. Akaviweka viwili, akapuliza. Akaongeza viwili, akapuliza. Na vijiti vikaanza, polepole, kwa furaha ya watu waliongoja sana. Mwaujua wimbo wao. Lakini sasa vikaubadili:

*Saru, Saru, hukupita tena!*
*Moto u hapa, hukupita tena!*

— *Saru, Saru, hukupita tena!*
— *Moto u hapa, hukupita tena!*

Ulimi mmoja wa moto ukachungulia. Ukaingia ndani, ukaona aibu. Ukachungulia tena. Saru akaupa vya wastani. Ukasimama. Akaupa vile vya kifundo cha mkono, vya mpera, vinavyoungua vikali na kuacha kaa zuri. Ukaruka! Kuta zikageuka rangi. Hakukuwa na moshi wa kumtoa chozi hata panya.

Mshai akaja mbio na mtoto. Akamfunua miguu, akaielekeza motoni, akaisugua, akaisugua. Nyumba nzima ikainama kumtazama.

Mtoto akavuta pumzi. Akakunja uso. Akalia kilio kile cha siku ya kwanza, cha mtu mwenye hasira na dunia.

Mkawasi akakaa chini palepale, juu ya nusu ya kinu chake, akafunika uso kwa kanga.

Kabla hajafunua, Mama Righa alikuwa mlangoni na kigae chake. Nyuma yake mstari wa wanawake hadi njiani, wameona mwanga.

"Mkawasi," akasema, "Mungu akubariki. Huu ni moto wa gogo gani?"

Mkawasi akatazama uchaga. Akamtazama Saru. Akatazama mvua.

"Chukua kaa uende," akasema. "Hukuja kuuliza maswali."

Lakini Mama Righa alikuwa na macho. Na mvua ilipokatika, wanawake wa Kwa-Shoka walionekana shambani, wameinama, kila mmoja na mzigo wake. Hakuna aliyesema neno. Ukimsalimu mwenzako, unamwuliza habari za watoto. Hata zile chungu zilizokuwa zinangoja kuchomwa zikaisha zote. Na siku ilipofika, mtoto wa Mshai akatolewa nje, akaonyeshwa jua, akalipigia chafya.

— Na miguu yake?

Subiri, Shali, nilijua utauliza. Mwaka ukapita, mipera ikaota nywele nyingine kwa sababu mti unaonyolewa huota tena, na ule unaoangushwa hauoti. Mtoto yule akawa na miguu minene, ya kukunjamana mapajani, ya kutaka kuumwa. Nyanya yake alikuwa akimfinya akisema, "Mtazame huyu! Gogo!"

Mwaka uleule mdogo wake Maghanga naye akaoa. Bibi arusi, jina lake Wakesho, alitoka kijiji cha mbali. Kesho yake asubuhi, kwa kutaka kupendwa, akadamka, akaenda msituni, akarudi ameburuta gogo, jasho linamtoka, bega limechubuka. Akalibwaga uani.

Mkawasi alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Akalitazama lile gogo. Akaanza kucheka.

"Mama Righa! Njoo uone maajabu! Mke wa mwanangu, hilo dude la nini?"

"La kupikia, mama," Wakesho akasema.

"Gogo? Kwenu mnapikia gogo? Huo ni mfupa wa mti, mwanangu! Sisi watu wa Kwa-Shoka, tangu mababu, tunapikia vijiti. Vijiti vya mpera, vilivyokauka juu ya uchaga. Hukufundishwa?"

"Tangu mababu," Mama Righa akaunga mkono kutoka ng'ambo ya ua.

Wakesho akasimama. Akalitazama gogo. Akamtazama mama mkwe. Uso wa Wakesho Saru aliujua. Uso ule alikuwa ameuvaa yeye.

Saru alikuwa anakoroga uji. Mwiko ukasimama hewani. Alimtazama Mkawasi kuona kama anatania. Hakuwa anatania! Alikuwa anaamini. Saru akahisi kile kichwa cha zamani kinaanza tena kuzunguka: labda aliota? Labda hapakuwa na moshi, wala kicheko shambani, wala vigae kwenye mvua?

Kisha macho yake yakashuka, yakafika pale mama mkwe alipokaa.

"Mama," akasema, kwa upole kabisa. "Kinu chetu kilikwenda wapi?"

Mkawasi akaweka mkono chini yake, akaipapasa ile nusu ya kinu aliyoikalia, iliyong'aa kwa mikono ya wanawake wawili, na upande mmoja imeungua kidogo, nyeusi, ukubwa wa kunazi.



Kisha Mkawasi akasogea. Akapapasa nafasi kando yake juu ya ile nusu ya kinu iliyogeuka kigoda. Sauti yake ilipotoka haikuweza kufukuza hata kunguru mmoja.

"Njoo ukae, Wakesho. Pumzisha bega. Mimi ndiye niliyemcheka Saru, na ndiye niliyesema kinu kipasuliwe. Saru, mwonyeshe mwenzako moto unavyoanza. Anza na vile vyembamba."

Haya, mmesikia. Mpera ukipogolewa, usiache shambani kilichoanguka, usikichome bure. Kipandishe kikauke, kitakupikia, na msitu utabaki umesimama. Hilo ni la kuni. La pili ni lako wewe mwenyewe: ukiuliza jambo ukajibiwa "ndivyo tulivyo", usitukane, lakini usinyamaze. Uliza, tangu lini? Na wewe ukishakuwa mwenyeji, ukakaa kwenye kigoda, akaja mgeni na swali lake, kumbuka ulivyokuwa na kichwa kinachozunguka.

Hadithi yangu imeungua yote, limebaki jivu. Aliyepata kaa alichukue kwenye kigae chake. Na wewe Kilambo, kabla hujalala, vile vijiti mlivyonyoa leo kwenye ua vimelala nje na umande unaanguka. Vipandishe.